Udi wa Twaiba na Mzinga wa Tatu

Jumanne, 7 Oktoba

Habari kubwa! Mzee Tembo anaacha kufungua mizinga. Macho yamechoka, asema. Jumamosi atamkabidhi mtu bomba lake la moshi mbele ya kikundi kizima cha wafuga nyuki. Wagombea ni wawili: mimi na Mbeyu muuza mihogo. Kila mmoja atafungua mzinga mmoja, hapo kwenye mikorosho nyuma ya nyumba yangu. Atakayefungua bila watu kukimbia ndiye.

Sina wasiwasi. Mbeyu hana mbwembwe. Hupuliza moshi mara tatu, kisha husimama tu kama anayengoja chai ichemke. Kazi gani hiyo?

Tatizo moja, dogo. Baba mkwe wangu wa kijiji cha Bodo, Mzee Kheri, nilishamwambia tangu Agosti kwamba mfunguaji mkuu ni mimi. Sasa anakuja kutazama. Hajasahau wale kware wangu mia mbili waliokosa mnunuzi. Kibanda chao cha waya bado kimesimama uani, na kila akija hukitazama kabla ya kunisalimu.

Jioni nilimsikia mke wangu Twaiba akimhakikishia babake kwa simu kwamba safari hii ni kweli. Nilikuwa bafuni. Nilikaa humo muda mrefu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimekwenda kwa Mzee Tembo. Shikamoo ya heshima, mkono kifuani, kisha nikamwomba siri yake. Akasema siri hakuna. Makumbi makavu ya nazi, moshi mweupe, uliopoa, kidogo tu. Halafu kungoja. Nyuki hudhani moto umeingia, hukimbilia kujaza tumbo asali, na aliyeshiba hana haja ya ugomvi.

Amenificha kitu. Haiwezekani iwe rahisi hivyo.

Nimechoma makumbi nikanusa. Harufu ya jikoni! Nani atulizwe na hiyo? Nikakumbuka arusi yangu. Ami zangu wawili walikuwa wakigombea nani akae mbele. Kikapitishwa chetezo kimoja tu, udi ukawapanda kwenye kanzu, wakakaa kimya wote wawili. Udi! Hata jini hufukizwa akatulia, sembuse nyuki?

Namsikitikia Mbeyu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Baada ya swala nimelifungua kopo la Twaiba, lile lililo nyuma ya sahani za Idi. Udi wake anauweka kwa arusi ya mdogo wake, Desemba. Nimechukua kipande. Kisha kipande kingine. Kisha nikaona kopo limebaki na vumbi, nikachukua na vumbi.

Nimeujaribu kidogo sebuleni. Paka akalala papo hapo. (Alikuwa amelala tangu asubuhi, lakini alizidi.)

Twaiba akaingia, akauliza tunangoja wageni gani. Nikamwambia nimemfukizia yeye. Akacheka kwa haya, kama zamani, akanipikia mkate wa sinia. Nimeula. Wote.

Jumamosi, 11 Oktoba

Naandika kwa jicho moja.

Mbeyu alianza na mzinga wa pili. Mara tatu, akangoja, akafunua. Nyuki wakatambaa taratibu. Mzee Kheri akatikisa kichwa kwa kuridhika, nami nikaona wivu waziwazi.

Zamu yangu: mzinga wa tatu. Bomba limejaa udi na ubani, wavu wa usoni nimeupaka marashi. Nikabinya mara arubaini. Mzee Tembo akauliza kama kuna arusi. Nikafunua bila kungoja. Kimya kabisa! Nikamgeukia baba mkwe, nikainua mkono.

Hapo wakatoka.

Wa kwanza alinichoma kiganjani, na wenzake wote wakapafuata hapohapo. Mzee Tembo akapiga kelele nipafukize pale nilipochomwa, harufu ya mwiba ifunikwe. Nikapafukiza udi. Wakaja zaidi. Kikundi kizima kikatimua mbio. Mzee Kheri, ambaye wiki iliyopita alisali amekaa kwa ajili ya goti, alinipita! Akaingia kwenye kibanda cha kware, akajifungia.

Mbeyu hakukimbia. Alikuja polepole na makumbi yake, akafunika mzinga, akanifukiza mgongoni na mikononi. Aliniambia pole kaka, nisimame tu. Nikasimama. Wakaondoka. Hilo lilinichoma kuliko nyuki.

Kutoka ndani ya waya Mzee Kheri alisema kwamba sasa ameona faida ya wale kware.

Jumapili, 12 Oktoba

Bomba amepewa Mbeyu. Hakuna aliyepinga, hata mimi, kwa kuwa mdomo haukufunguka.

Twaiba amelikuta kopo. Hakupiga kelele. Alinikanda uso kwa maji baridi, kisha akasema udi utanunuliwa mwingine, lakini yeye alimwambia babake kwamba ni kweli. Nililia kwa jicho lililofunguka. Nimemwapia: sitaligusa tena kopo lake.

Jumatano, 15 Oktoba

Mbeyu ana moyo mzuri. Amenipa kazi: kukusanya makumbi, kuyakausha, na kulijaza bomba Jumamosi atakapofungua mizinga. Amesisitiza yawe makumbi matupu.

Nimefikiri sana. Kosa halikuwa wazo. Udi ule ulikuwa wa zamani, umekaa koponi mno. Karafuu ndiyo dawa. Hutuliza hata jino! Na haimo kwenye kopo la Twaiba, imo kwenye mtungi wa pilau, kwa hiyo kiapo changu kiko palepale.

Nimempigia simu baba mkwe kumwarifu kwamba nimefanywa mkuu wa moshi. Aliuliza mara mbili: mkuu wa nini? Kisha akasema atakuja Jumamosi, ila akataka kujua kama kile kibanda bado kipo.

Nimemwambia kipo. Karafuu nimeshaitwanga.