Udongo Utakaopona Jumatatu

Idara ya Kuponya Ardhi inautangazia umma kwamba udongo wa machimbo ya zamani utapona Jumatatu, saa nne kamili asubuhi, mbele ya Mgeni Rasmi. Kwa mujibu wa kifungu cha tisa, udongo utakaochelewa utafungwa: hakuna atakayeukanyaga wala kutoa kitu ndani yake hadi upone.

Mpima Udongo aliusoma waraka huo akiwa amepiga magoti kwenye kona yake ya machimbo, kando ya barabara. Miaka kumi na miwili ameilea kona hiyo kama mwana. Aliipandia kunde na nyasi, akafukuza kila gurudumu, hadi minyoo wakarudi bila kuandikiwa barua. Kwingineko hakujaota hata jani.

Mkurugenzi akafika na gari jipya la Idara, nyuma yake mtambo wa kushindilia barabara.

"Dada, ardhi iliyopona huwa tambarare. Hii yako ina manyoya."

"Mzee, hii ndiyo iliyopona." Akaleta bilauri mbili za maji, akatumbukiza donge la udongo katika kila moja. Donge la kona yake likazama, likatulia zima. La uwanja mtupu wa machimbo likayeyuka, maji yakawa uji. "Tone la mvua hapa linapata mlango. Kule linagonga ukuta."

"Donge halina mamlaka ya kuiwakilisha ardhi. Kamati imekaa siku nne, imepitisha utambarare. Shindilieni kote! Kona hii mwisho, Mgeni akiwa anatazama."

"Basi mtaanza na mimi."

Siku tatu mtambo ukanguruma. Uwanja ukang'aa kama kichwa cha Mkurugenzi.

Jumatatu, Mpima Udongo alisimama katikati ya nyasi zake, mikono kiunoni. Mtambo ukaanza kumjia, Mgeni Rasmi akitazama. Saa nne kasorobo, mvua ikashuka.

Maji hayakuwa na pa kuingilia. Yakapanda hadi magotini. Mtambo ukanasa. Gari la Idara likazama hadi milangoni. Mgeni Rasmi, viatu mkononi, alitimua mbio hadi kwenye manyoya, Kamati nzima ikimfuata. Pale hapakuwa na dimbwi la kumtosha hata kifaranga.

"Kumbe palipopona ni hapa?" Mgeni akauliza.

Mkurugenzi akadakia. "Hasa hapa, mheshimiwa."

"Na kule?"

Mpima Udongo akakunjua waraka uliolowa. "Kule kumechelewa. Kifungu cha tisa."

"Dada, gari langu limo!"

"Limo, mzee. Saini ni yako. Tutalizungushia kunde, miaka kumi na miwili si mingi."

Mgeni Rasmi akapiga makofi. Kamati ikapiga makofi. Mkurugenzi akatazama huku na huku, naye akapiga.