Kauboi Mcha Mungu

Jumapili, 2 Novemba 2014

Siku njema sana. Nimemchekesha Euphrasie mara mbili, na zote mbili kwa makusudi.

Ilikuwa baada ya ibada, kwenye chai, pale kanisani kwetu mjini Saint Paul, hapa Amerika. Akaniuliza ni nani aliyenilea hata nikawa mtu mnyoofu namna hii. Swali zuri! Euphrasie anaamini mimi ni msimamizi wa wauguzi katika nyumba ya wazee. Ni kweli nafanya kazi katika nyumba ya wazee. Nafua mashuka. Anaamini pia kwamba ile nyumba ya Blaine ni yangu. Ni kweli naishi humo. Ni ya binamu yangu Sydney, nami nakaa besimenti, chumba cha chini ya ardhi, karibu na boila la maji moto. Mambo madogo haya. Nitayarekebisha tukishaoana.

Nikataka kusema nililelewa na mama, lakini kila mtu husema mama. Nikasema nililelewa na kauboi.

Chai ikasimama. Nikaeleza. Nilipokuwa mtoto kule Kisii, lori la sinema lilikuja mara moja kwa mwaka, likatandaza shuka jeupe kwenye ukuta wa kiwanda cha kahawa. Filamu ilikuwa ileile moja kila mwaka, ya Kimarekani, ya zamani. Kiingereza hatukukijua. Mwinjilisti Ombati alishika kipaza sauti akatutafsiria neno kwa neno. Shujaa wake, stelingi, aliitwa Tobi Kreni. Maskini, mcha Mungu. Hanywi pombe, hasemi uongo, anamjengea mjane kanisa katikati ya jangwa. Nikasema tabia yangu yote nimeitoa kwake.

Euphrasie ni mjane, mwaka wa sita sasa. Akaweka kikombe chini. Akasema mwanamume kama huyo angependa kumwona kwa macho.

Kumbe Mugisho alikuwa nyuma yangu! Mugisho anaendesha foklifti ghalani, na humwambia hivyo kila anayemuuliza, hana hata haya. Ndiye anayempeleka Euphrasie mazoezi ya kwaya kwa gari lake. Akasema kwa sauti kwamba kama filamu hiyo ipo, iletwe, yeye ana projekta. Nikasema ipo.

Sasa lazima iwepo.

Jumanne, 4 Novemba

Ipo! Niliitafuta kwenye mtandao siku mbili. Mzee mmoja wa Kizungu huko Apple Valley anayo, gereji yake imejaa kanda na sidii za makauboi hadi gari linalala nje. Nimechukua gari la Sydney, nikamwambia mkewe Philister kwamba naenda kwa daktari wa meno. Philister akasema shemeji, mwaka huu umeng'oa meno manane.

Mzee aliposikia jina la filamu alikaa chini. Akasema kwa miaka arobaini hakuna mtu aliyewahi kumwuliza habari zake. Akanipa bure! Akanishika mkono mara mbili. Akasema ilitengenezwa kwa siku nane. Nilidhani ni sifa.

Mchungaji amekubali. Jumamosi ya tarehe kumi na tano, saa tisa alasiri, ukumbi wa kanisa, familia zote. Alitaka kujua kama ni safi. Nikamwambia ni safi kuliko mahubiri mengine niliyowahi kusikia. Hakucheka.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimekwisha.

Nimeitazama leo baada ya kazi. Tatizo ni kwamba siku hizi Kiingereza nakijua.

Tobi Kreni amelewa dakika ya tatu. Dakika ya saba anamwambia mjane kwamba yeye ni injinia wa reli. Si injinia. Analala zizini na nyumbu. Dakika ya ishirini anabeba sanduku la sadaka la kanisa. Majambazi wanapofika mjini, Tobi Kreni, kauboi wangu, anaingia kwenye pipa na kufunika mfuniko! Na mji wenyewe ni nyumba tatu, ukuta wa benki unatikisika mlango ukifungwa, na jambazi aliyekufa mwanzoni anafufuka baadaye na masharubu. Stelingi amevaa saa ya mkononi.

Mwinjilisti Ombati alikidanganya kijiji kizima miaka saba. Labda Kiingereza hakukijua. Labda alikijua vizuri sana.

Nimelia kidogo, siwezi kuficha hapa. Nilimpenda yule mtu. Nilipokuwa na miaka tisa nililala na kamba kiunoni kama mkanda wa bastola, na asubuhi nikasema ukweli kuhusu yai lililopotea kwa sababu Tobi Kreni angesema. Nilichapwa. Sikujuta.

Nikaizima katikati. Mwisho wake sijui. Hata kule nyumbani hatukuwahi kuuona, kwa maana jenereta iliishiwa petroli kila mwaka palepale anapopanda farasi. Ombati alitusimulia mwisho gizani: harusi, na mbuzi wawili.

Jumapili, 9 Novemba

Nilikwenda kanisani nimejipanga kusema sidii imevunjika. Nikashindwa. Mama yake Euphrasie, Mama Mukandayisenga, ameshona kitenge kipya kwa ajili ya kuja kumwona kauboi mcha Mungu. Akanishika mashavu yote mawili mbele ya watu. Na Mugisho, kwa ule upole wake wa kuudhi, akauliza kama nimeshaitazama yote na kama inafaa watoto. Nikasema naijua kwa moyo.

Halafu, katikati ya wimbo wa pili, nikapata ufunuo. Ombati! Alichofanya Ombati nami ninaweza! Nitazima sauti ya filamu kabisa, nitashika kipaza sauti, nitatafsiri mwenyewe. Nani atajua? Nikamwambia Mchungaji kwamba ni kwa heshima ya wazee wasiojua Kiingereza. Alifurahi mno. Amesema wengine waige.

Mimi si mtu wa kawaida.

Jumatatu, 10 Novemba

Theluji kutwa, barabara zimefungwa, kazini sikwenda. Nimefanya mazoezi hapa besimenti nikihutubia kapu la nguo. Sauti ya mjane inanitoka vizuri hasa. Philister akagonga sakafu kwa mguu, akauliza ni mwanamke gani nimemwingiza humu.

Jumamosi, 15 Novemba

Niandike kwa mpangilio, vinginevyo nitaumwa.

Ukumbi ulijaa. Euphrasie mstari wa kwanza, mama yake kushoto na kitenge chake, binti yake Gentille kulia. Gentille ana miaka kumi na mmoja. Kiswahili anakisikia chote, lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza, tena neno moja.

Nilisimama kama Ombati alivyosimama, uso kwa watu, mgongo kwa picha, matukio nimeyakariri kwa dakika zake. Hapo ndipo kosa lilipokuwa. Sikuona kilichokuwa nyuma yangu.

Tobi akanywa. Nikasema anakunywa maziwa ya ng'ombe, na ameyaombea. Watoto wakacheka. Nikasema moyoni, wachangamfu hawa. Tobi akabeba sanduku. Nikasema analipeleka mahali salama, kwa maana mhazini ni mgonjwa. Watoto wakaanguka kwenye viti. Tobi akaingia kwenye pipa. Nikasema, kwa sauti ya unyenyekevu, kwamba ameingia faraghani kuomba. Kijana mmoja alitoka nje akishika tumbo.

Mama Mukandayisenga akachoka. Akamwuliza mjukuu wake kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni watoto wanacheka nini. Na Gentille, ambaye hajawahi kusema Kiswahili mbele za watu tangu wafike Amerika, akasimama, akanyoosha kidole nyuma yangu. Akamwambia nyanya yake, "Koko, inaandikwa pale chini. Ule mutu ni mwizi. Ameiba franga za kanisa, na sasa anajificha."

Nikageuka. Maandishi! Kiingereza kizima, herufi nyeupe, chini ya picha, toka mwanzo! Mugisho alikuwa ameyawasha. Akasema, kwa upole uleule, kwamba aliona nimezima sauti, akawaonea vijana huruma.

"Donc Papa Zadock anatubeya?" akauliza Mama Mukandayisenga, yaani mimi nawadanganya. Nilianza kueleza habari za tafsiri na jinsi ilivyo pana. Akaniambia nikae, nimpe mtoto kipaza sauti.

Nikampa. Nikakaa kando ya birika la chai.

Na wakampenda! Gentille alitafsiri vilevile ilivyoandikwa, ulevi kwa ulevi, uongo kwa uongo, kwa Kiswahili cha nyanya yake. Tobi alipodanganya, ukumbi ukapiga kelele aache. Alipojikwaa kwenye nyumbu, wazee wakafuta machozi. Kwa Ombati sikuwahi kuona watu wakicheka hivyo. Nilisikia wivu juu ya mtoto wa miaka kumi na mmoja.

Kisha akapanda farasi, nami nikauona mwisho kwa mara ya kwanza maishani. Anakimbia na sanduku, farasi mweupe. Anasimama. Anageuza, farasi sasa ni wa kahawia, hakuna aliyejali. Anafika mlangoni kwa mjane, anavua kofia. Gentille alisema kwa sauti ndogo: mimi si injinia. Sijawahi kujenga reli. Nalala zizini. Sanduku ni hili, nililichukua mimi. Mjane akanyamaza muda mrefu. Kisha akafungua mlango, akasema supu ipo. Ikaisha.

Nililia. Euphrasie naye.

Tulipokuwa tukivaa makoti alinijia. Nilitaka kuzama sakafuni. Lakini hakuwa na hasira! Akasema, "Papa Zadock, uliona vile alisema? Mutu akinisemea vile, mimi siwezi kumufungia mulango." Akanitazama sana. Akanialika chakula Jumapili ya wiki ijayo, nyumbani kwake.

Mugisho aliyaona yote akibeba projekta yake. Pole zake.

Jumanne, 18 Novemba

Nimefikiri siku tatu huku nikifua mashuka ya wazee. Jambo ni wazi. Euphrasie anataka kuungamiwa. Ndicho kilichomliza.

Sasa, niungame nini? Niliandika orodha. Kwamba nafua mashuka. Kwamba nakaa karibu na boila. Nikaisoma kwa sauti. Aibu tupu! Nani atamlilia mtu wa mashuka? Tobi Kreni alikuwa na sanduku la kuibwa, alikuwa na farasi, alikuwa na la kusemwa. Mimi nina sabuni.

Inatakiwa dhambi yenye kimo.

Ijumaa, 21 Novemba

Nimeitunga, imekamilika. Zamani, ujanani, niliiba benki. Nikafungwa miaka mitano. Nikaokoka gerezani. Sijawahi kumwambia mtu yeyote. Nimeijaribu mbele ya mashine ya kufulia namba nne na nikatokwa na machozi ya kweli. Mfanyakazi mwenzangu Keziah alinipa tishu na kuniambia niende nyumbani.

Jumapili, 23 Novemba

Nilipanda treni ya Green Line nimevaa suti. Meza ilikuwa tayari: ugali, sombe ya majani ya muhogo, samaki mzima, sahani yangu kubwa kuliko zote. Mama Mukandayisenga na Gentille walipelekwa chumbani. Mlango wa chumba haukufungwa vizuri.

Sikuketi. Nilisimama mlangoni, nikavua kofia, nikasema yote. Benki. Bastola. Miaka mitano. Nilisema vizuri kuliko nilivyowahi kusema kitu chochote.

Euphrasie alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama ni hayo tu. Nikasema ni hayo tu. Akauliza tena, polepole, kama hakuna kingine kabisa, labda kuhusu kazi. Nikasema kazi ni nzuri, wauguzi wananiheshimu. Kuhusu nyumba? Nikasema nafikiria kubadilisha paa.

Akanyamaza muda mrefu kama yule mjane, nami nikangoja mlango ufunguke. Nilisahau kwamba nilikuwa nimeshaingia. Akafunga sombe kwenye kopo, akanipa, akanisindikiza hatua mbili, akafunga mlango. Hakuubamiza. Afadhali angeubamiza.

Nilipofika Blaine nikamweleza Philister. Akashika kichwa. Akasema Euphrasie anajua kila kitu tangu Pasaka, yeye Philister ndiye aliyemwambia: mashuka, boila, vyote. Na kwamba Euphrasie alijibu kuwa kufua si kazi ya aibu, na besimenti si dhambi, anangoja tu niyaseme kwa kinywa changu. Muda wote huo anangoja! Sahani ile kubwa ilikuwa kwa ajili hiyo. Kisha Philister akaniita neno ambalo shemeji haitwi.

Nimekula sombe peke yangu, karibu na boila. Tamu. Nampenda Euphrasie, naandika wazi. Sitampoteza kwa kukosa ujasiri. Nimekaa nikayapima maneno yangu moja moja, nikaona palipoharibika. Philister haelewi filamu. Jumapili nitarudi, nitasimama palepale mlangoni, na safari hii nitamwambia Euphrasie ukweli wote bila kuficha kitu.

Haikuwa miaka mitano gerezani. Ilikuwa mitatu.