Hotuba ya Kukabidhi Mlango wa Malkia

Mtukufu Mfalme wetu, Mwenye Meno Yote. Mtukufu Malkia wetu mpya, binadamu wa kwanza kualikwa kwenye meza hii bila kuwa chakula (kicheko, kisha kikohozi kirefu cha Mfalme). Mheshimiwa Mama Mkwe wa Malkia. Wazee wa kundi. Wakuu wa idara, makaimu wakuu wa idara na makaimu wa makaimu. Walinzi wa lango, ambao lango lenyewe hatuna lakini ninyi mpo. Mabibi, mabwana, na wale ambao jua likizama hatutajua tuwaiteje: itifaki imezingatiwa. (Makofi.)

Kwanza nimshukuru Mwenyezi Mungu, aliyeumba mtu, akaumba mbwamwitu, na kwa rehema zake akatuvumilia sisi tulio katikati. (Amina.) Nimshukuru pia kwa kunipa mimi, Mkurugenzi wa Milango na Usalama wa Kifalme, kipaji hiki cha uongozi ambacho sikukiomba, ila wenzangu wote wanakiona. (Makofi kutoka kwa makaimu.)

Ndugu zangu, leo mwezi ni mpevu. Jua likizama, kuanzia Mfalme mpaka mfagizi wa ukumbi huu, tutageuka, na tukishageuka hatumjui mke wala shemeji. Malkia wetu, fundi seremala mwenye mikono ya baraka, yeye hageuki. Ndiyo maana siku ya posa alisema, nami niliandika kwa kalamu yangu: "Huyu mwanaume nampenda, mapambo sitaki. Nataka chumba kimoja chenye mlango wa mbao, na komeo kwa ndani." Ombi dogo, lakini zito kitaalamu, kwa sababu ikulu hii tangu enzi za mababu ina mapazia tu. Makucha hayashiki kitasa.

Hapo ndipo ulipozaliwa Mradi Jumuishi wa Mlango Mmoja! (Makofi.) Kwa miezi sita tumeunda taskifosi, tumekaa na mastekiholda, tumeandaa fremuweki na tumefanya wokishopu kumi na nne kuhusu tofauti ya kusukuma na kuvuta. Utafiti wetu umeonyesha kwamba asilimia mia moja na kumi na mbili ya wananchi wanauunga mkono mlango, maana wengine tuliwahoji wakiwa watu, tukawahoji tena wakiwa mbwamwitu, na hao wa pili hawakupinga, walimlia tu karani wetu viatu. (Kicheko. Karani hacheki.)

(Mama Mkwe: "Wewe baba, fupisha! Hulioni jua hapo dirishani?")

Naelekea huko, mama.

(Mama Mkwe: "Unaelekea toka saa nane! Mkwe wangu huyu ndiye aliyenitengenezea kitanda kisicholia. Akipata hata mkwaruzo, mimi na wewe!")

Nimeipokea fidibeki hiyo kwa unyenyekevu. Nieleze sasa mafanikio. Ofisi yangu ilifanya jaribio la mlango wa mfano, ulioagizwa kutoka ng'ambo, wa mbao ngumu, wenye komeo la chuma, na kwa kuwa jaribio lazima lifanyike mahali fulani, ulifungwa katika ofisi yangu. Nimeufunga na kuufungua kwa kujitolea kila siku, hasa wananchi wanapokuja na malalamiko, na matokeo ni mazuri mno! (Makofi machache. Mtu anavua viatu na kuvipanga chini ya kiti. Wengine wanamfuata.)

(Mfalme, kwa sauti ya chini: "Mkurugenzi, ndugu yangu, nakuomba. Mikono imeanza kuwasha. Mlango wa mke wangu uko wapi?")

Swali la hekima, Mtukufu! Kwa heshima kubwa, nakabidhi ufunguo. (Mkurugenzi anamkabidhi Malkia ufunguo wenye utepe mwekundu. Malkia anaugeuza mara mbili.)

(Malkia: "Huu ni wa kabati, baba.")

Ni wa kabati lenye mafaili ya mradi, Mtukufu! Na sasa tuseme wote: Mlango! (Umati: "Imara!") Malkia! (Umati: "Salama!") Komeo! (Umati, baadhi kwa kunguruma: "Ndani!")

Nimalizie kwa kuwashukuru wajumbe wote kwa mapendekezo, wachoraji kwa mchoro, na kwa namna ya pekee fundi ambaye angetengeneza mlango huu. Fundi wa milango katika eneo letu ni mmoja tu, naye ni Mtukufu Malkia mwenyewe, na tuliona si adabu kumsumbua bibi harusi na barua ya kazi. Kwa hiyo hatukumwandikia. (Mama Mkwe anasimama.)

(Malkia: "Kaa, mama. Nilijua." Anatoa nyundo kwenye mkoba wake wa harusi. "Stoo ya kuni ina kuta za mawe na fremu nzima, niliipima jana Mkurugenzi na wenzake wakiwa kwenye wokishopu. Mume wangu, nisaidie kubeba, ungali na vidole." Wanatoka. Inasikika misumari ikichomolewa kwenye ofisi ya jirani. Wanapita wakiwa wamebeba mlango wenye kibao: MKURUGENZI, BISHA HODI.)

Mtukufu Malkia! Huo ni wangu!

(Malkia: "Utaupata asubuhi, Mungu akipenda. Vua koti, Mkurugenzi, usije ukalirarua.")

(Nyundo. Mfalme anarudi peke yake, anakaa sakafuni, analia na kucheka. Jua linagusa kilima. Kutoka stoo: komeo, ka!)

Mabibi na mabwana, mmesikia wenyewe! Natangaza rasmi kwamba, chini ya usimamizi wangu, mradi umekamilika kwa asilimia mia, na awamu ya pili itaan... (Neno linageuka mlio mrefu wa mbwamwitu.)