Nukta Chini ya Glasi

Jumatatu, 3 Februari

Safu ya mvinyo ni yangu! Kwa majaribio ya mwezi mmoja, lakini yangu. Miaka kumi na tisa nimeripoti kesi nikiwa kwenye benchi lisilo na egemeo. Sasa mgongo utapumzika, ulimi ufanye kazi.

Mhariri anataka kila wiki nipendekeze mvinyo mwekundu mmoja wa maana, na nimweleze msomaji kuhusu mtu aliyeutengeneza. Nikifaulu, safu ni yangu moja kwa moja. Nikishindwa, anaichukua Mnajimu, nami narithi ukurasa wake wa nyota.

Mnajimu anakaa meza inayotazamana na yangu. Hajawahi kuinua macho kuitazama nyota hata moja, ila anazijua zote. Aliniuliza, chumba kizima kikisikia, kama najua tofauti ya mvinyo na dawa ya kikohozi. Nikamjibu kwamba dawa ya kikohozi ina maelekezo. Watu walicheka. Moja kwa bila.

Tatizo dogo: sijui lolote kuhusu mvinyo. Kwangu mimi mvinyo wote una ladha moja, ya mvinyo.

Alhamisi, 6 Februari

Makala ya kwanza imekwenda. Nimesifu mvinyo uitwao Pipa la Tatu. Sababu za kitaalamu: ndio uliokuwa na lebo yenye maneno mengi. Nimeyanakili yote, nikianzia mwisho kwenda mwanzo ili yaonekane yangu.

Lebo haikumtaja mtengenezaji. Nimemtengeneza mwenyewe. Mzee wa miaka themanini, ndevu nyeupe hadi kifuani, anakanyaga zabibu kwa miguu mitupu huku akiimba. Nilipomsomea mke wangu alifuta chozi. Baadaye akasema lilikuwa la vitunguu.

Kizibo kilikatikia ndani, nikakisukuma kwa mkasi. Nilikunywa nusu. Chupa nimeiziba kwa pamba ya sanduku la huduma ya kwanza na kuisimamisha juu ya mashine ya fotokopi, penye jua la dirishani. Nimesoma kwamba mvinyo mwekundu hunywewa katika joto la chumba. Hapo ndipo chumba chetu kina joto kuliko pote. Watu wengine hawajali mambo haya.

Jumatano, 12 Februari

Barua imekuja. Sentensi ya kwanza: “Sina ndevu.”

Ya pili: zabibu zake husagwa kwa mashine, na miguu yake humo haijawahi kuingia. Ya tatu: yeye ni mwanamke. Kisha kaambatanisha makala yangu yote ikiwa imesahihishwa kwa wino mwekundu. Alama tatu kwa ishirini.

Niliutambua mwandiko kabla ya jina. Mwalimu wa Kemia! Kidato cha tatu! Nilidhani amestaafu akafuge kuku. Kumbe alipanda mizabibu.

Sisi wawili tuna historia. Katika mtihani wa vitendo, jana yake niliingia maabara nikatia nukta za wino chini ya kila glasi ya dawa, moja, mbili, tatu, ili nijue kilicho ndani. Aliziona nukta. Alihamisha dawa kutoka glasi hadi glasi, akaniacha niandike kwa kujiamini kwamba sukari ni madini ya shaba.

Mhariri amefurahi kama aliyeokota dhahabu. Ataichapa barua. Tena ataandaa onjo la hadhara Jumamosi ya tarehe mosi, ukumbi wa hoteli, wasomaji arobaini. Glasi sita, chupa zimevishwa soksi zisitambulike. Mimi na Mnajimu tutalitafuta Pipa la Tatu kwa ulimi tu. Mwalimu ndiye msimamizi. Atakayelipata, safu ni yake.

Mnajimu kaniambia nyota yangu mwezi huu inaonya dhidi ya vinywaji. Nilimwambia yake inaonya dhidi ya ngumi.

Jumanne, 25 Februari

Nimepata dawa! Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ni mhudumu katika hoteli hiyohiyo. Atakayepanga glasi ni nani? Shem!

Mpango: natia nukta ya rangi ya kucha ya mke wangu, nyekundu, chini ya kitako cha glasi moja. Shemeji anahakikisha Pipa la Tatu linamiminwa humo. Mimi nainua glasi kuelekea taa, kama wafanyavyo mabingwa, naiona nukta, nafumba macho, natamka.

Shemeji alisita. Alisema shem, si ungejifunza tu kuonja, maana una siku nne. Nikamwambia siku nne ni nyingi sana kwa kujifunza na chache sana kwa kusahau. Hakuelewa. Hata mimi sikuelewa, lakini alikubali.

Ijumaa, 28 Februari

Mwalimu kaja ofisini kuonana na Mhariri. Mfupi vilevile, miwani ileile. Nilisimama kabla miguu haijaniuliza. Shikamoo Mwalimu. Marahaba, akasema, wewe wa dawati la nyuma, bado unaandika usichokijua?

Haoni aibu kueleza kazi yake. Mapipa kumi na moja, huyaosha mwenyewe. Hupima sukari ya zabibu kila asubuhi wiki ya mavuno, na akikosea siku mbili mwaka mzima umepotea. Alisema ule ukakasi unaokamata ulimi hutoka kwenye maganda na mbegu, na kazi yake ni kuungoja upoe. Mnajimu alikuwa anaandika kila neno, msaliti. Mimi nilitikisa kichwa kwa akili.

Kisha aliiona chupa juu ya fotokopi. Akauliza imekaa hapo tangu lini. Nikasema wiki tatu, Mwalimu, katika joto la chumba. Aliitoa pamba, akanusa, akafumba macho kwa muda mrefu. Nadhani aliguswa. Aliomba aichukue. Nilimpa kwa mikono miwili.

Jumamosi, 1 Machi

Naandika huku koo likiuma.

Shemeji alifanya sehemu yake. Ila kabla ya kumimina, Mwalimu aliinua kila glasi kuelekea taa, moja moja, kukagua usafi. Kwenye ya nne alikaa kidogo. Kisha akaenda kupanga upya chupa zenye soksi. Ningekumbuka jambo hapo, lakini nilikuwa naifungua kofia ya kalamu.

Mnajimu alianza. Alionja zote, akakiri hadharani kwamba hana uhakika, ila ya pili inamfanya atake kuimaliza. Ukakasi umo lakini umepoa, alisema. Alijifedhehesha kabisa.

Zamu yangu. Niliinua, niliinua, niliinua, na kwenye ya nne: nukta! Nikanywa bila wasiwasi.

Mungu wangu. Masikio yalifunga. Jino la nyuma lilihama. Lakini bingwa hatetereki. Nikatangaza kwamba hii ndiyo Pipa la Tatu, kwamba ina ukali wa ukweli na mkono wa mama, kwamba machozi haya ni ya heshima. Nikaimaliza yote. Mstari wa mbele walipiga makofi. Mama mmoja aliandika.

Mwalimu alivua soksi ya chupa ya nne. Ndani yake, chupa yangu ya fotokopi, na pamba yake. Siki, alisema, siki safi, imetengenezwa na mwandishi mwenyewe. Kwa mara ya kwanza amemjua mtengenezaji wa kinywaji anachosifu. Ukumbi ulianguka kwa kicheko. Mhariri alicheka hadi akashika meza.

Pipa la Tatu lilikuwa glasi ya pili.

Wakati wa kutoka Mwalimu aliniita kando. Alisema nukta ile ilimkumbusha ujana wake. Alisema pia kwamba mwanafunzi aliyefeli ana haki ya kurudia mtihani: mwisho wa mwezi, nyumbani kwake, glasi tatu tu, nikipata atamwomba Mhariri atugawie safu mimi na Mnajimu. Akanipa chupa tatu nizisome. Onja kidogo kila jioni, alisema, andika unachokiona, usiibe. Zilaze pahali penye baridi.

Jumatatu, 3 Machi

Sasa mimi ndiye Mnajimu. Nimewaandikia wote waliozaliwa mwezi wa Mwalimu kwamba wiki hii miwani yao itapotea.

Mke wangu anasisitiza nianze kuonja. Shemeji pia. Watu hawa hawajui kuchambua kushindwa. Mimi nimekaa nikachambua. Mara ya kwanza nilitumia wino wa bluu, akaona. Mara ya pili rangi nyekundu, akaona. Kosa ni la rangi, basi!

Kwenye droo ya mke wangu nimekuta rangi ya kucha isiyo na rangi yoyote. Haionekani hata chini ya taa. Nimeijaribu leo mchana kwenye glasi moja kati ya sita za kabatini, na ni kamilifu kiasi kwamba tangu saa tisa naitafuta glasi yenyewe na sijaiona.