Kilomita Kumi za Kumrudisha Mke

Jumatatu, 3 Machi

Miezi miwili na siku nne tangu mke wangu ahamie kwa dada yake. Asubuhi nimetoa vikombe viwili tena. Nikavijaza vyote, nikanywa vyote. Sikutaka cha pili kijione kimetolewa bure.

Nimejiandikisha mbio za Jumapili! Kilomita kumi: uwanja wa mpira hadi mnara wa maji, kisha kurudi. Sababu ninayo. Siku aliyoondoka alitazama ukuta nilioupaka rangi nusu, kabati lenye mlango mmoja badala ya miwili, na gauni lake mwenyewe lenye mkono mmoja (na mimi ndiye fundi cherehani!). Akasema amechoka kuishi na mtu wa nusunusu. Nikimaliza jambo moja tu, lolote lile, mpaka mwisho, atarudi siku hiyohiyo.

Mlango wa kabati ungekuwa rahisi zaidi, najua. Lakini nani atapigia makofi mlango?

Jumanne, 4 Machi

Mazoezi. Nimetoka mbio vizuri sana hadi duka la dawa. Kisha kichomi! Mama mmoja mwenye kapu la viazi kichwani akanipita, akauliza kama nimepotea. Nikamwambia nachunguza njia.

Mashine Mbili naye anakimbia. Huyu ni fundi wa ng'ambo ya barabara; ana cherehani mbili na hachoki kulitaja hilo. Tena amepewa yeye kazi ya kutengeneza tepe za kijani. Kila atakayefika mnarani atafungwa utepe mkononi, uwe ushahidi kwamba hakugeuzia njiani. Akanionyesha rundo zima. Zimekatwa kwa mkasi tu, hazina pindo, nyuzi zinaning'inia! Nikamwambia anatia aibu fani yetu. Akasema utepe wa saa moja hauhitaji pindo.

Kitambaa cha kijani kilekile ninacho, vipande tele. Naandika tu.

Alhamisi, 6 Machi

Shemeji, huyo dada wa mke wangu, amefuata sketi yake (bado). Akadokeza kwamba mdogo wake amesikia habari za mbio, na Jumapili atakuwepo. Nikainama kutafuta sindano chini ya meza ili asione uso wangu. Atakuwepo! Nikauliza amesemaje hasa. Hakusema mengi, akanijibu, ila aliuliza kama nimepata viatu.

Viatu! Mtu asiyekupenda haulizi habari za viatu vyako.

Kazi haikushikika tena. Vifungo vilikuwa kazi ya mke wangu. Alikuwa akivishona huku anaimba chinichini, mdomo umefumba, na mimi nakanyaga cherehani kwa kuufuata wimbo wake. Leo mashati matatu yametoka bila vifungo. Namkumbuka mpaka inauma.

Jumamosi, 8 Machi

Jaribio la mwisho. Nimefika duka la dawa, kichomi palepale. Nikikimbia kwa haki nitaishia nusu, mbele ya macho yake. Hilo siliwezi.

Basi mpango ni huu. Natoka na wenzangu mpaka kwa Kinyozi, rafiki yangu, jirani na duka la dawa. Naingia mlango wa nyuma, natulia. Wakianza kurudi kutoka mnarani, najichomeka katikati yao, utepe mkononi. Mke wangu atakuwa uwanjani, penye mstari wa mwisho. Wapi tena mtu asimame? Ataniona nikimaliza, basi.

Utepe nimeushona leo hii. Pindo pande zote, mshono haukupinda hata kidogo. Nimeanza saa nane, saa tisa nimemaliza.

Jumapili, 9 Machi

Nimemaliza! Nafasi ya arobaini na moja.

Kwa Kinyozi nilikaa sana, na kwa kuwa kiti kilikuwa wazi akaninyoa ndevu. Nilitaka mke wangu anikute nadhifu. Nikatoka, nikampita Mashine Mbili anahema. Akanikodolea macho kidevuni.

Nikavuka mstari mikono juu. Makofi! Nikamtafuta kwenye ngazi, penye maji, langoni. Hayupo. Nikasimama palepale mpaka wakaanza kukunja kamba.

Ndipo akaja, kwa miguu, kutoka barabara ya mnarani, vumbi hadi magotini. Kumbe alijitolea kufunga tepe! Tangu saa kumi na mbili asubuhi alikuwa mnarani. Amefunga mikono mia moja na kumi, akisubiri wangu. Wenzake walipotaka kuondoka akawaambia: “Nendeni, mimi nitabaki. Mume wangu ni mzito lakini leo atafika.” Mume wangu! Mbele za watu!

Alinieleza hayo bila hasira, na hicho ndicho kilichoniumiza. Utepe mmoja alikuwa nao bado, ameuweka uwe wangu. Akaushika mkono wangu, mara ya kwanza kwa miezi miwili. Akapitisha kidole kwenye pindo, taratibu, pande zote. Akasema mji mzima huu ni mtu mmoja tu anayeshona hivi. Akasema heri ningefika hata kwa kutambaa.

Nikaona begi la nguo begani mwake. Alikuwa amekuja nalo kabisa. Akaondoka nalo, njia ya kwa dada yake, na mimi sikuwa hata na pumzi ya kumfuata.

Jumatano, 12 Machi

Siku tatu nimefikiri kosa langu liko wapi. Nimelipata. Pindo! Na kutouliza mapema atasimama wapi.

Mwezi wa sita kuna mbio nyingine, kilomita ishirini na moja. Nimejiandikisha. Nikamtuma Shemeji akamuulize mdogo wake, kwa mbali, bila kunitaja, safari hii atasimama wapi.

Jibu limekuja mchana. Hatasimama popote. Naye amejiandikisha, atakimbia ubavuni mwangu, mwanzo hadi mwisho, aone kwa macho yake.

Nimelia juu ya shati la mteja. Saa mbili nzima, pengine tatu kwa mwendo wangu, bega kwa bega na mke wangu! Sijatamani kitu hivi tangu nimchumbie. Nikafunga duka, nikaipitia njia yote ya mbio kwa baiskeli. Kilomita ya pili, nyuma ya uzio, kuna kibanda cha chai. Nimeongea na mwenyewe. Anasema benchi lake linatosha wawili.