Mafuta ya Pasta

Msinitafute. Leo nimejiaibisha mbele ya kanisa zima, na kanisa lilikuwa limejaa mpaka watoto wakakalia ngazi za madhabahu.

Wacha nianze mwanzo. Kwaya yetu ya vijana hupeana zawadi Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi. Kila mtu huokota jina la rafiki wa siri. Mimi niliokota Purity. Purity ndiye huimba peke yake mbele. Mimi huimba nyuma ya spika (hakuna mtu amewahi kulalamika, kwa hivyo sijui kama husikika). Mwaka jana nilitoa sabuni, na Purity akauliza kwa sauti, "Nani huyu anasema tunanuka?" Kwa hivyo mwaka huu niliapa nitatoa kitu cha maana. Kitu cha watu wa hoteli kubwa. Na pesa sina.

Binamu yangu wa Kerugoya akanitumia video. Mama mmoja anapasha mafuta na kitunguu saumu, rozimari na pilipili, anatia kwa chupa, anafunga utepe, basi! Zawadi ya kitajiri. Mafuta ya kumwagia pasta. Mimi nikaona hii naiweza. Rozimari iko kwa ua la jirani. Pilipili iko kwa shamba la Cucu, nyanya yangu, zile ndogo ambazo hata mbuzi huzipitia mbali. (Video ilisema utie mbili. Mimi nilitia kiganja. Nilitaka Purity anikumbuke.)

Mafuta yakatoka mazuri, jamani! Rangi ya dhahabu, kijiti cha rozimari kimesimama ndani. Nikaandika lebo kwa kalamu ya kung'aa, herufi kubwa:

MAFUTA YA PASTA.

Nyumbani tunasema spageti. Lakini spageti si neno la kuwekea utepe.

Nadhani wengine wenu mmeshaona shida iko wapi. Mimi sikuona.

Leo asubuhi nikaiweka kwa meza ya zawadi karibu na mlango, nikaenda kujificha nyuma ya spika yangu. Mama Kamau, yule huonyesha watu pa kukaa, akapita pale. Akasimama. Akasoma.

"Ngai! Mafuta ya Pasta imeachwa hapa na nani?"

Akaibeba kwa mikono miwili kama mtoto mchanga, akaipeleka mbele.

Nilijikunyata zaidi nyuma ya spika. Nikajiambia ataiweka tu pale, nitaichukua ibada ikiisha. (Huo ndio huwa mpango wangu kwa kila kitu maishani.)

Sasa, Pasta alikuwa na mafua. Baridi ya wiki hii mnaijua. Pua imeziba kabisa, anaongea kama amefunikwa na sufuria. Angekuwa na pua nzima, saa hii ningekuwa mtu wa heshima. Akatangaza kwamba wote wanaosafiri Krismasi waje mbele wapakwe mafuta. Kisha akainua chupa yangu.

"Oneni! Mtu ametuletea mafuta kutoka Israeli! Hata mitishamba ya Biblia iko ndani!"

"Amina!"

Wa kwanza alikuwa Mzee Githinji, anaenda Nanyuki kwa binti yake. Na Pasta wetu hapaki kidogo. Anamimina kwa kiganja, anabandika kwa paji la uso, mafuta yanajitelemkia yenyewe. Mzee akatulia. Kisha akaruka.

"Uui! Moto! Moto!"

"Pokea!" Pasta akanguruma.

Mzee Githinji hajawahi hata kupiga makofi kanisani. Leo alizunguka meza ya sadaka mbio, koti linapepea. Watu wakaona huu sasa ni uamsho. Foleni ikakua! Hata wasiosafiri wakaingia. Mama mmoja akapakwa, akabubujikwa na machozi. Purity (ndiyo, Purity) akapakwa, akatoa noti ambayo kinanda hakina. Kisha Pasta mwenyewe akaguswa, akajipangusa machozi. Kwa mkono ule ule.

"Moto umeshuka Nyeri!" akapaza sauti, jicho moja limejifunga.

Hapo ndipo nikaona nani anafuata kwa foleni. Cucu wangu. Cucu alipasuliwa jicho juzi tu, akaambiwa hata maji ya kuoga yasiliguse. Alikuwa ameshavua ile miwani nyeusi, ameinua uso, anangoja baraka.

Sijui miguu niliitoa wapi. Niliruka spika.

"Pasta, ngoja! Hiyo ni ya pasta!"

Akanitabasamia kwa jicho lililobaki. "Najua, msichana wangu. Imeandikwa."

"Si ya Pasta! Ni ya pasta!"

"Eee. Si ndio mimi?"

"Si wewe! Ni ya kukula! Ya spageti! Iko na pilipili!"

Na kipaza sauti kilikuwa mkononi mwake, katikati yetu. Nilisikia neno "pilipili" likitoka nje, likigonga mabati, likirudi.

Kisha Mzee Githinji, akiwa amepiga magoti kando ya ndoo ya maua: "Piripiri? Ati piripiri?"

Maziwa yote ya chai ya kanisa yaliisha kwa kuosha macho. Wageni wakanywa chai ya turungi. Mama akanivuta kando: "Kumbe uko na sauti hivyo? Na nikikuita uoshe vyombo unanijibu kama panya?" Cucu naye, badala ya kunishukuru, amenuna mpaka sasa. "Kanisa nzima imepakwa," anasema, "mimi peke yangu nimenyimwa, ati juu ya spageti." Purity nilimpa chupa ikiwa na kijiti tu ndani. Akainusa, akaniangalia kwa macho mekundu kama nyanya, akasema, "Afadhali sabuni."

Jioni hii Pasta ametuma ujumbe kwa simu ya Mama, kwamba amenisamehe kabisa. Ameandika "nimekumsamhee bintl yakko". Kwa hivyo naomba, tafadhali, mtu asicheke kabla jicho la pili la Pasta halijafunguka.