Gavana Aliyestahili Machozi

Jumatatu, 3 Machi

"Mtu hanunui mchezo wa kompyuta ili aje kumlilia adui. Ananunua ili ampige." Maneno hayo yametamkwa leo saa nne asubuhi, mbele ya watu wazima, na Shemeji.

Uongo mtupu. Kwanza, aliyetamka hajawahi kumaliza kitabu kisicho na picha. Pili, binadamu amewalilia waovu wa hadithini tangu alipojifunza kukaa kimya na kusikiliza. Anamlaani muuaji akiwa kitini ukumbini, na kabla hajafika nyumbani ameshaanza kumtetea. Tatu, Shemeji ni shemeji wa Mkurugenzi, si wangu. Lakini ofisi nzima inamwita hivyo, na mimi pia. Hilo peke yake linaonyesha jinsi mtu huyu anavyopenya.

Yeye ni mkuu wa mapigano. Anaamua nani arushe ngumi na damu iruke umbali gani. Mimi ni mwandishi. Miaka ishirini na miwili nimeandika makala za kuwavua watu nguo magazetini, hadi magazeti yenyewe yakanichoka. Sasa naandika maneno ya maadui ndani ya michezo. Nimeshuka? Sijashuka. Siku hizi adui ndiye mtu pekee mwenye hoja.

Adui wangu ni Gavana. Amefunga mto kwa ukuta, watu wa bondeni wanakauka kwa kiu, mchezaji anapanda mlima kwenda kumuua. Kumbe mto una sumu! Kumbe Gavana anawaokoa! Mchezaji anayajua haya dakika za mwisho, na hana la kufanya, maana asipomuua, mchezo hauishi. Ataua huku anajuta. Nilipoisoma hotuba ya Gavana nyumbani, nililia mwenyewe. Mke wangu akaniuliza ni jino gani.

Mkurugenzi amekata shauri. Jumamosi wanakuja wachezaji kumi na wawili wa majaribio. Wakisikitika kumuua Gavana, hotuba inabaki na meza yangu inabaki. Wasiposikitika, Gavana atanguruma kama wenzake, na ngurumo haihitaji mwandishi. Nimekubali papo hapo. Shemeji alipiga mwayo.

Jumanne, 4 Machi

Sibahatishi. Gavana sasa anachechemea. Pia amefiwa na mke. Pia anakohoa. Kabla ya chakula cha mchana nikampa binti asiyejibu barua zake. Saa tisa nikamtoboa jicho moja, kisha nikalirudisha. Sitaki nionekane nalazimisha.

Hotuba ilikuwa dakika nne. Sasa ni kumi na moja. Mtoa sauti, mzee mmoja wa michezo ya redio, aliomba maji mara tatu na kiti mara moja. Alipomaliza akauliza kama huyu bwana anauawa au anajifia tu mwenyewe. Wivu wa wasanii huo.

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni. Kwa ule upole wake wa kuudhi, akasema kwenye padi ya kuchezea kuna kitufe cha kuruka maneno. Sikujua. Nakiri humu tu. Sijawahi kushika padi maishani, na sioni sababu; refa hapigi penalti.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mkurugenzi kudai kitufe kiondolewe. Akasema mchezo usio na kitufe hicho watu wataurudisha dukani. Nikamwambia vitabu havina kitufe. Akasema ndiyo maana.

Jumatano, 5 Machi

Furaha isiyo na kifani! Nimemnasa Shemeji!

Kabla ya kumfikia Gavana kuna mlinzi juu ya ukuta. Ofisini tunamwita Bonge. Ni kazi ya Shemeji mwanzo hadi mwisho: jitu la mita tatu, shingo halina, neno hata moja halina, nyundo kubwa linayo. Linajenga ukuta na kuulinda. Ukikaribia, linakuja kukuponda.

Leo nimepita nyuma ya meza ya Shemeji nikayaona mwenyewe. Ukirudi nyuma hatua kumi, Bonge hakufuati. Anakutazama kidogo. Anageuka. Anaokota jiwe lake, anaendelea kujenga. Shemeji amesahau kumpa amri ya kukimbiza watu. Mkuu wa mapigano amesahau mapigano!

Si hilo tu. Ukimkuta ameshika jiwe, hakurupuki. Analiweka chini kwanza, kwa mikono miwili, kama trei ya mayai, ndipo anaiendea nyundo. Jitu katili gani hilo?

Shemeji aliona nimeona. Akasema ni mistari miwili tu ya amri, ataiongeza kabla ya chakula. Thubutu! Nilimtangulia kwa Mkurugenzi. Kwa sauti ya mtu anayeipenda kazi, nikamweleza kwamba kugusa amri siku tatu kabla ya majaribio kunaweza kuangusha hatua nzima ya mchezo. Sentensi hiyo niliiokota kwenye korido wiki iliyopita. Sijui maana yake. Imefanya kazi. Marufuku kumgusa Bonge mpaka majaribio yaishe.

Wacha wale kumi na wawili waione kwanza kazi yake. Kisha wapande juu waione yangu.

Chai ya leo ilikuwa tamu kuliko kawaida.

Alhamisi, 6 Machi

Mchezaji mmoja wa majaribio amejitoa. Nikajitolea kuleta mwingine: mama mkwe.

Ni mpiga chapa mstaafu, anaishi nasi tangu mwaka jana, na kwa kulia hana mpinzani. Huwalilia watu asiowajua wakitangazwa vifo redioni. Alilia tulipobadilisha friji. Na machozi huambukiza. Akianza mmoja, chumba kizima kitafuata.

Nilimwamkia, nikakaa kiti cha chini kama inavyopasa, nikamweleza habari ya Gavana. Alisikiliza huku akikunja nguo. Alipomaliza shuka la mwisho akauliza, "Sasa mwanangu, unataka nilie wakati gani?"

Nikamwambia Gavana akikohoa mara ya pili. Akauliza kama ataruhusiwa kuanza mapema ikimjia. Nikamsihi asubiri kikohozi.

Kisha nikampa padi niliyoiazima ofisini, pamoja na mchezo wenyewe, ajizoeze. Vidole! Miaka thelathini na mmoja ya mashine ya chapa! Kwa nusu saa alikuwa amemaliza mbwa wote wa bondeni, na kwa kila mmoja alisema, "Pole, baba." Mke wangu alitokeza kichwa kutoka jikoni, akasema mama yake akipandwa na presha, mimi ndiye nitakayelazwa. Nikamwambia hii ni fasihi. Akasema basi fasihi ije ioshe vyombo, leo ni zamu yake.

Niliosha.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika bila kutetemeka.

Saa nane mchana. Chumba kikubwa, skrini kumi na mbili. Mkurugenzi na daftari lake. Shemeji akitafuna kucha. Mimi ukutani, na leso sita mpya za kugawa.

Saa tisa na robo wakaanza kumfikia Bonge. Nilikuwa nimejiandaa kwa vicheko. Hakuna aliyecheka. Mmoja alirudi nyuma, Bonge akarudi kwenye jiwe lake. Akasogea tena, Bonge akaliweka jiwe chini taratibu. Akarudi nyuma tena. Msichana wa mstari wa mbele akauliza kama hakuna njia ya pembeni. Shemeji akasema hakuna. Seremala mmoja, mtu mwenye mikono kama mabawa ya mlango, akauliza kama inawezekana kumsaidia kujenga. Kumsaidia! Mwingine aliweka padi mezani, akaenda kusimama koridoni, akarudi baada ya dakika tano.

Nilimwinamia mama mkwe, nikamnong'oneza apige, Gavana anasubiri.

"Huyu yuko kwenye kazi yake, baba," akasema. "Mimi ndiye niliyemfuata."

Nikamweleza kwamba ni kasoro tu, wamesahau kuandika amri. Akasema hata kama. Lakini alikuwa ameniahidi, na ni mtu wa ahadi. Akapiga. Mara tatu. Bonge hakuanguka chini. Aliuangukia ukuta wake, mkono mmoja juu ya jiwe ambalo halijakaa sawa.

Mama mkwe alilia. Si wakati tuliokubaliana. Wala si kilio tulichokubaliana, kwa sababu hakutoa sauti. Alichukua leso zangu mbili.

"Nimemuua mtu kazini kwake," akasema, na chumba kizima kikamsikia.

Leso nne zilizobaki sikuziona zilikokwenda.

Kisha Gavana. Nitaandika haraka. Wachezaji kumi na mmoja walibonyeza kile kitufe. Mama mkwe alikibonyeza Gavana akiwa bado anavuta pumzi ya kuanza. Wote walikuwa na hasira. Walisema huyu ndiye aliyempanga yule bwana pale ukutani, na yeye mwenyewe kajificha juu. Waliomkuta anachechemea wakampiga kwenye mguu uleule. Kwa wastani, sekunde arobaini. Kikohozi cha pili hakikusikika kwenye skrini hata moja.

Isipokuwa moja. Kijana wa kona ya mwisho aliiacha hotuba iende dakika zote kumi na moja. Nilimwendea kumpa mkono. Alikuwa amelala.

Mkurugenzi alimwambia Shemeji asithubutu kuiongeza ile mistari miwili. Kuhusu mimi, akasema atanijulisha kesho. Nilimsubiri Shemeji anicheke. Hakunicheka. Alikuwa amejiinamia mbele ya skrini, anamtazama Bonge kana kwamba ndiyo kwanza wanakutana. "Mimi nilisahau tu," akasema, hata sijui alikuwa anamwambia nani. Majivuno ya namna hiyo ndiyo mabaya kuliko yote.

Tukirudi nyumbani mama mkwe alinipigapiga begani. Akasema pengine hata yule Gavana wangu alikuwa mtu mzuri, ila ana maneno mengi. Nikamwambia ahsante, mama. Angekuwa mtu mwingine ningemwandikia kurasa sita.

Jumapili, 9 Machi

Ujumbe wa Mkurugenzi umefika wakati wa kifungua kinywa. Hotuba ya Gavana imefutwa yote. Ameachiwa kikohozi kimoja. Meza yangu inabaki kwa ajili ya mchezo wa pili, kwa sababu, anasema, bila mimi Bonge angekuwa amerekebishwa tangu Jumatano. Sharti ni moja: nisimguse Bonge. Nimemjibu kwamba nimeelewa vizuri sana.

Baada ya chakula nikachukua padi mwenyewe. Kwa utafiti. Nia yangu ilikuwa kumpiga Bonge harakaharaka na kuthibitisha kwamba ni kasoro na si kingine. Niliuawa na mbwa mara tisa. Mama mkwe akaninyang'anya padi, akanivusha bonde, akanirudishia, akaenda chumbani kwake. Alisema hapo mbele hataki kuona.

Bonge aliliweka jiwe chini. Nikarudi nyuma. Akaliokota.

Nikasogea. Akaliweka. Nikarudi.

Baadaye mke wangu alinikuta nimekaa, padi kwenye mapaja. Akauliza nafanya nini. Nikamwambia namsubiri amalize. Akauliza amalize nini. Ukuta. Akasema hiyo ni mashine, ukuta hauishi. Nikamwambia najua. Hakuondoka. Alivuta kiti akakaa, tukamtazama pamoja. Linapanda jiwe, linafuata jiwe. Nilihesabu hadi mia moja na kumi na mbili. Macho yaliniwasha, hiki chumba kina vumbi.

Sikumpiga. Nimezima mashine akiwa amebeba jiwe, na tangu hapo sina raha. Ningengoja kwanza aliweke.

Ndipo, nikiwa nimesimama pale na waya mkononi, nikagundua kinachomkosesha Bonge ukamilifu.

Maneno!

Hebu mtu afikirie. Jitu linawatikisa watu wazima namna ile kabla hata halijaeleza hoja yake! Je, likieleza? Nimekwisha kuandika kurasa kumi na tisa. Utoto wake. Mama yake. Jiwe lake la kwanza. Msimamo wake kuhusu haki ya watu wa bondeni kupata maji, na majibu kwa wanaompinga, moja baada ya jingine. Dakika kumi na nne, na muda wote huo ameshika jiwe. Nafikiria kumpa kikohozi. Sharti la Mkurugenzi linasema nisimguse, na kumpa mtu maneno si kumgusa. Hata mwanasheria wa daraja la chini atakubaliana nami. Mtoa sauti anakuja kesho saa mbili, kabla Mkurugenzi hajafika. Nimemwambia aje na kiti chake.

Na ninyi kumi na mmoja mliobonyeza kile kitufe, nawajua kwa sura. Mama mkwe, shikamoo, nawe umo. Rudini kesho saa nne. Kaeni. Wekeni padi sakafuni na mikono juu ya magoti. Msikilizeni Bonge kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa kumi na tisa, na safari hii mlie nitakapowaambia.